Mizani inasoma gunia la 50.35 vizuri, la 48.20 inaleta takataka: Arduino Uno na RS-232, msaada wakuu

FundiRujewa

Habari za jioni wakuu. Leo ni siku ya nne nimekwama, na mwenye mashine ameshaanza kuniangalia kwa jicho la pembeni.

Kazi yenyewe ni hii. Kuna mashine ya kukoboa mpunga huku Mbarali, ina mizani ya jukwaa ya kupimia magunia. Kile kichwa chake chenye namba kina tundu la RS-232 kwa nyuma, la pini 9 (siriali, data inatoka biti moja baada ya nyingine). Mwenye mashine anataka gunia likipandishwa karatasi itoke yenyewe na uzito, kwa sababu karani anaandika kwa mkono na jioni daftari na stoo havikubaliani. Nikamwambia hiyo ni kazi ya Arduino Uno (kile kibao kidogo cha kuprogramu) na kiprinta kidogo cha risiti, siku mbili nimemaliza. Mdomo uliponza kichwa.

Nilivyofunga: pini 5 ya mizani kwenye GND, data inapita kwenye kimoduli cha MAX3232 cha kugeuza volti za RS-232 ziwe za Uno (niliagiza Kariakoo, kikaja na basi), kutoka hapo kinaingia pini 10 ya Uno. Natumia laibrari ya SoftwareSerial (inafanya pini za kawaida ziwe siriali kwa programu), kasi 9600, yaani biti kwa sekunde, kama kitabu cha mizani kinavyosema. Siku ya kwanza haikuja hata herufi moja. Nikabadilisha waya wa pini 2 na wa pini 3, data zikaanza kumwagika. Nikajua leo nalala usingizi.

Kumbe wapi. Hivi ndivyo dirisha la siriali linavyonionyesha. Palipo na ? weka zile alama za kuuliza zilizogeuka pamoja na vijiboksi:

S??GS?+??50.35???
S??GS?+????.?0???

Mstari wa juu ni gunia lililoandika 50.35 kwenye kioo cha mizani. Wa chini ni la 48.20. Nimebadilisha waya, nimebadilisha moduli, nimeleta Uno nyingine, nimerudia solda zote. Ni vilevile. Kinachoniumiza kichwa ni kwamba kuna uzito unakuja safi kabisa na mwingine hauji. Ingekuwa imekufa moja kwa moja ningeelewa.

Chumvi_Kali

Kasi mkuu. Weka 2400 au 4800, mizani nyingi ziko huko. Kitabu kinaweza kuwa cha modeli nyingine.

Nguzo ya Umeme

Mwambie tajiri amwongeze karani mshahara, tatizo limeisha 😂

Kipusa wa Kinu

Hiyo ni kelele ya mota. Mashine ya kukoboa ina mota ya fezi tatu, ikiwaka kila waya ulio karibu unageuka antena. Tafuta waya wenye wavu, ule wavu uuunge ardhini upande mmoja tu.

FundiRujewa

Chumvi_Kali, nimejaribu 1200, 2400, 4800 na 19200. Kote huko hakuna hata herufi inayoeleweka. 9600 pekee ndiyo naona S, G na baadhi ya namba.

Kipusa, jana nilikaa na ile mizani saa nne usiku, mashine imezimwa, kijiji kimetulia. Takataka ni zilezile.

Mzee wa Solda

FundiRujewa, umejibu vizuri kuliko ulivyouliza. Kasi ikikosewa hakuna kinachopona: kwa 9600 biti moja ina urefu wa kama mikrosekunde 104, ukisoma kwa 4800 unameza biti mbili kwa wakati mmoja, herufi zote zinavunjika. Wewe S yako inakuja S kila mara. Na kelele ya mota haichagui, haiwezi kuiacha 5 salama kila siku na kuiharibu 4 kila siku. Kitu kinachoharibu herufi zilezile kwa namna ileile hakiitwi uharibifu, hiyo ni kanuni ambayo hatujaijua tu.

Sasa acha kutuonyesha herufi. Lile dirisha likipata baiti (fungu la biti nane) lisiyoijua linachora kidude chochote, kwa hiyo linakuficha kitu chenyewe. Badilisha mstari wa kuchapa uwe hivi:

Serial.print(mizani.read(), HEX), Serial.print(' ');

Pandisha lile gunia la 50.35, kisha utuwekee namba zote za mstari mmoja. Usikate hata moja.

Nguzo ya Umeme

Nimevuta kiti. Mzee akisema heksi (namba za msingi wa 16) najua leo kuna somo.

FundiRujewa

Haya mzee wangu:

53 D4 AC 47 53 AC 2B A0 A0 35 30 2E 33 35 EB E7 8D A

Kila nikipima hilo gunia zinakuja hizihizi.

Mzee wa Solda

Umepona. Chukua kalamu.

Mizani za aina hii mara nyingi hutuma mstari kama ST,GS,+  50.35kg halafu baiti mbili za kumaliza mstari, 0D na 0A. ST ni kwamba uzito umetulia, ukiona US ujue bado unacheza. GS ni uzito pamoja na chombo. Hesabu: herufi 16 na zile mbili za mwisho, jumla 18. Wewe umetuletea baiti 18. Kwa hiyo hakuna kilichopotea njiani. Waya wako mzima, moduli nzima, solda nzima. Pole kwa kuchoma risasi bure.

Sasa linganisha. S ni 53, imekuja 53. T ni 54, imekuja D4. Mkato ni 2C, umekuja AC. Nafasi ni 20, imekuja A0. k ni 6B, imekuja EB. g ni 67, imekuja E7. 0D imekuja 8D. Kila iliyoharibika imezidi kwa 80 ya heksi, yaani biti ya nane, ile ya juu kabisa, imewaka. Zilizobaki saba hazijaguswa.

Ni nani anaiwasha? Andika S kwa biti saba: 1010011. Hesabu moja zake: nne. Andika T: 1010100. Moja zake tatu. Mizani yako inatuma biti 7 za data, kisha inaongeza biti moja ya ukaguzi, pariti, kuhakikisha jumla ya moja inakuwa shufwa. S ina nne, tayari ni shufwa, biti ya ukaguzi inakaa 0. T ina tatu, ni witiri, inaongezewa 1. Wewe umeifungua Uno isome biti 8 za data bila pariti, basi ile biti ya ukaguzi unaihesabu kama sehemu ya herufi.

Na hapo ndipo kitendawili cha magunia yako kinapofunguka. Katika tarakimu, 0, 3, 5, 6 na 9 zina moja za shufwa, zinapita bila kuguswa. 1, 2, 4, 7 na 8 ni witiri, zinavaa kofia. Nukta ni 2E, ina moja nne, nayo inapita. Angalia sasa 50.35 imeundwa na tarakimu gani. Gunia lako limebahatika tu. 48.20 ina 4, 8 na 2, ndiyo maana ikabaki nukta na sifuri.

Uno haikulalamika kwa sababu urefu ni uleule. Biti ya kuanzia 1, data 7, pariti 1, ya kufungia 1: kumi. Kwa mpangilio wako: ya kuanzia 1, data 8, ya kufungia 1: kumi pia. Herufi zinaingia kwenye mlango bila kugusa fremu.

Fungua kitabu cha mizani ukurasa wa kasi, soma kilichoandikwa pembeni ya 9600. Naweka dau ni 7E1: data 7, pariti ya shufwa (E, even), ya kufungia 1.

FundiRujewa

Mzee... "9600, 7, E, 1". Ipo kwenye mstari uleule. Mimi niliishia 9600.

Kipusa wa Kinu

Haya, mota nimeisamehe.

Mwana-Luthuli

Nimefuata hii kutoka Nairobi, hongera Mzee kwa maelezo. Sasa ndugu FundiRujewa usikimbilie kuandika SERIAL_7E1 kwenye SoftwareSerial, haipo. Hiyo laibrari inajua 8N1 (data 8, bila pariti, ya kufungia 1) peke yake. SERIAL_7E1 unaiweka kwa siriali ya chipu yenyewe, hivi: Serial.begin(9600, SERIAL_7E1). Shida ni kwamba Uno ina siriali moja tu ya kweli, pini 0 na 1, na hiyo hiyo ndiyo kompyuta inaitumia kupitia USB. Ukifunga mizani pini 0, kila ukitaka kupakia programu mpya inagoma, mpaka uchomoe waya. Na lile dirisha nalo litaonyesha vioja, kwa vile sasa Uno inaongea 7E1 nalo linasikiliza 8N1. Kama bajeti ipo chukua Arduino Mega, ina siriali nne, unaweka mizani kwa Serial1 na unaendelea na maisha.

Mzee wa Solda

Sahihi kabisa. Ila mtu aliye Mbarali na mteja mlangoni hatumwambii asubiri Mega. Kwa SoftwareSerial vua kofia tu:

char c = mizani.read() & 0x7F;

Biti ya nane inafutwa, saba zinabaki, herufi inarudi ilivyokuwa.

VoltiMoja

Samahani kaka Mzee, hapo nakupinga kidogo. Ukiifuta hiyo biti bila kuitazama umemfukuza mlinzi uliyemlipa. Pariti ipo ili biti moja ikigeuka njiani ujue. Na hapa tunazungumzia uzito wa mpunga wa watu, 4 ikigeuka 5 kuna mtu analipwa visivyo. Kwa kuwa SoftwareSerial inakuletea biti zote nane, ukaguzi unaweza kuufanya mwenyewe: weka util/parity.h juu ya programu, kisha kabla ya kuvua kofia uliza parity_even_bit(b). Ikirudisha 0 baiti iko salama. Ikirudisha 1, tupa mstari wote na usubiri mwingine.

Mzee wa Solda

Dada umeongea. Naongeza: siriali ya chipu ukiiweka 7E1, yenyewe baiti yenye pariti mbaya inaitupa kimyakimya, mstari unakuja na pengo. Kwa hiyo hata huko urefu wa mstari lazima ukaguliwe.

Chumvi_Kali

Kwani MAX3232 ni ya nini hasa? Mimi nafunga rezista ya 22k kutoka RS-232 hadi pini ya Uno moja kwa moja, halafu naandika SoftwareSerial mizani(10, 11, true). Inasoma. Nimefanya kazi tatu hivyo.

Mwana-Luthuli

Inasoma, hatukatai. RS-232 iko kinyume na Uno: moja ni volti hasi kati ya -3 na -15, sifuri ni chanya. Hiyo "true" inageuza, na rezista inapunguza mkondo ili vidayodi vya ndani vya chipu visiungue. Lakini hapo umevigeuza hivyo vidayodi kuwa fyuzi. Kwa meza yako sawa. Kwa mashine ya mtu, ambapo kesho kijana atachomeka kitu kingine, weka moduli.

Chumvi_Kali

Zote tatu bado zinadunda lakini 😅

FundiRujewa

Wakuu nimerudi. Kwanza asanteni sana, namba zote zinasomeka, 48.20 imekuja 48.20. Nilipiga kelele mpaka karani akaja kuangalia kuna nini.

Sasa limezuka lingine. Mistari inaunganika. Naona mitatu mizuri, kisha hii:

ST,GS,+  ST,GS,+  48.20kg

Mitatu mizuri tena, na hii tena. Programu yangu inachukua namba kuanzia herufi ya nane, kwa hiyo kwenye huo mstari inapata uzito sifuri, na kiprinta kinatoa risiti ya gunia la kilo 0.00. Mizani inatuma mistari 10 kwa sekunde. Hili nalo ni pariti?

VoltiMoja

Hapana. Kabla sijasema, niambie: ndani ya loop (sehemu ya programu inayojirudia) kuna delay(1000), ile ya kuisimamisha sekunde moja?

FundiRujewa

😳 Ipo. Niliweka ili namba zisikimbie kwenye kioo.

VoltiMoja

Basi fanya hesabu nami. Bafa ya kupokelea (pale herufi zinaposubiri kusomwa) ni ya baiti 64, ila inavyofanya kazi inabeba 63, nafasi moja inaachwa wazi ili ijue imejaa. Mstari wako ni baiti 18. Mitatu ni 54. Zinabaki nafasi 9. Sasa hesabu herufi 9 za mwanzo za mstari wa nne: S, T, mkato, G, S, mkato, jumlisha, nafasi, nafasi. Bafa imejaa kabla ya tarakimu ya kwanza. Kinachoendelea kuja kinamwagwa chini hadi delay yako iishe, uikombe bafa, na mstari mpya uanze, ukijigandisha kwenye kile kipande. Mstari wako mbovu umekatika hapohapo. Sikuhitaji kuuliza delay, nilitaka tu ukiri mwenyewe 😀

Ondoa delay. Kazi ya loop iwe kuokota kila kinachofika, na kushughulikia mstari pale tu unapokamilika:

while (mizani.available()) {
  char c = mizani.read() & 0x7F;
  if (c == '\n') { mstari[n] = 0; chambua(mstari, n); n = 0; }
  else if (n < 30) mstari[n++] = c;
}

Ule ukaguzi wa pariti upachike kabla ya kuvua kofia. Ndani ya chambua, kubali mstari ikiwa tu n ni 17 (herufi 16 na ile 0D), umeanza na ST, na unaishia kg. Ukikosa kimojawapo, acha. Ukitaka namba zisikimbie kwenye kioo, tumia millis(), saa ya ndani ya Uno, kuamua lini uchore, usimlaze msomaji.

Mwana-Luthuli

Na kiprinta kimefungwa wapi?

FundiRujewa

SoftwareSerial ya pili, pini 8 na 9, nayo 9600.

Mwana-Luthuli

Nilidhani hivyo. SoftwareSerial ikituma herufi inazima interapti za chipu (miito ya kuishtua data ikifika) mpaka herufi iishe, karibu milisekunde moja nzima kwa 9600. Mizani ikiongea wakati huo, hakuna anayesikiliza. Halafu SoftwareSerial zikiwa mbili, moja tu ndiyo inasikiliza kwa wakati mmoja, kwa hiyo ukishaanzisha ya kiprinta, rudi useme mizani.listen().

Mzee wa Solda

Hapo wala usihangaike kuokoa data. Wakati kiprinta kinachapa risiti, gunia bado liko juu ya jukwaa na uzito tayari unao. Acha vinavyopotea vipotee. Ukimaliza kuchapa: mizani.listen(), n = 0, tupa kila kitu hadi utakapoiona '\n' ya kwanza, kisha endelea. Mizani inakuletea mstari mwingine baada ya sehemu ya kumi ya sekunde, haina haraka na wewe.

Ila usisahau: usichape risiti ya pili mpaka uzito urudi karibu na sifuri. La sivyo gunia moja litatoa risiti hadi karatasi iishe.

FundiRujewa

Hiyo ya karatasi imeshanitokea mzee, sikutaka kuisema hapa.

Nguzo ya Umeme

😂😂😂 Karani analipiza kisasi

msomaji_mpya

Swali la pembeni. Kuna njia ya kujua pini ipi inatuma kati ya 2 na 3 bila kubahatisha kama mtoa mada alivyogeuzageuza?

Mzee wa Solda

Multimita tu. Weka volti za DC, ncha nyeusi kwenye pini 5, nyekundu gusa pini 2 kisha 3, mizani ikiwa imewaka na waya umechomolewa Uno. Inayoonyesha hasi, tuseme -5 mpaka -12, ndiyo inayotuma, kwa sababu RS-232 ikipumzika hukaa hasi. Ile ya kupokea itasoma karibu na sifuri. Kama mizani inatuma mfululizo namba itacheza na kupungua kidogo, lakini bado utaitambua. Zote zikisoma sifuri, kwanza hakikisha kwenye menyu ya mizani utumaji umewashwa, nyingi hutoka kiwandani zikisubiri kuombwa kwa kitufe.

Na kama huna adapta ya kompyuta na unataka kuona mizani inasema nini bila programu yoyote, unga RESET ya Uno kwenye GND. Chipu kubwa inalala, Uno inageuka adapta ya USB. Ila hapo data ya mizani (baada ya moduli) ichomeke kwenye pini 1 iliyoandikwa TX, si 0, maana pini 1 ndiyo njia ya kwenda kompyuta. Wengi hukosea hapo wakadhani ubao umekufa.

FundiRujewa

Mrejesho. Jana mashine imekoboa kutwa, magunia 112, risiti 112. Nimekaa na daftari la karani tumelinganisha moja moja. Tofauti ilikuwa mbili, na zote mbili ni za daftari: alisoma 38 akaandika 36, na gunia moja alilisahau. Amenuna kidogo lakini tajiri kamnunulia soda.

Delay nimeondoa, ukaguzi wa pariti wa dada VoltiMoja nimeweka pamoja na kihesabu cha mistari iliyotupwa. Mota ikiwaka inatupa mstari mmoja au miwili, kwa hiyo Kipusa wa Kinu naye hakuwa mbali sana. Waya wenye wavu nimeagiza.

Kipusa wa Kinu

Ahsante kwa kunirudishia heshima mbele ya watu.

maziwa_lala

Wakuu naomba nidandie uzi. Nina mizani ya kupimia maziwa kituo cha kukusanyia, nimeunga Uno kama FundiRujewa, 9600, SoftwareSerial. Kwangu ni kinyume: 1, 2, 4, 7 na 8 zinasomeka vizuri, lakini 0, 3, 5, 6 na 9 zinakuwa alama za kuuliza. Nukta pia inapotea. Nimeshabadilisha moduli mara mbili.

FundiRujewa

Rudisha moduli ya kwanza mkuu, haina kosa. Yako ni 7O1, pariti ya witiri. Kofia zinavaliwa na upande wa pili. & 0x7F ileile itakutoa, ila ukiweka ukaguzi wa dada VoltiMoja, baiti salama kwako ni ile inayorudisha 1.